Aliigeuza kadi ya kliniki kutafuta jina "lenyewe" la binti yangu

Mama Brayani:
Ndugu zangu, naandika nikiwa bado natetemeka, kwa kuwa mgeni mwenyewe hajafika hata kituo cha daladala. Sitamtaja, wala hakuna haja, kwani kuanzia Igoma hadi Kirumba nani asiyemjua yule mama wa vikoba ambaye manukato yake hutangulia kubisha hodi, naye akafuata baada ya robo saa? Alikuja kumwona mtoto. Akakaribishwa, akala sato mzima hadi miba ikabaki sahanini imenyooka kama kitana, akanawa, akaomba kadi ya kliniki, akavaa miwani na kusoma: Kabula. Kisha akaigeuza kadi. Aliigeuza, jamani, akatazama upande wa nyuma, akaniuliza kwa upole kabisa: "Na jina lenyewe liko wapi?"

Binti yangu alizaliwa usiku ambao Mto Mirongo ulijaa hadi bodaboda aliyetupeleka hospitalini akatutoza nauli ya mtumbwi. Kwa Kisukuma mbula ni mvua, na mtoto wa kike aliyezaliwa mvuani ni Kabula, kama alivyoitwa bibi yake mzaa baba kule Magu. Nilimweleza yote hayo. Akatikisa kichwa, akasema hilo ni la nyumbani, sasa nimtajie la shuleni, huku kidole chake kikiendelea kupapasa nyuma ya kadi, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila doa la uji. Doa la uji! Mtu ana mjukuu mwenye jina refu kiasi kwamba yeye mwenyewe humwita "wewe", halafu anatafuta jina la mwanangu kwenye doa la uji.

Dagaa wa Igombe:
Pole sana, dada. Huyo namfahamu. Alipokuja kumwona Minza wetu, aliuliza kama tulimzaa au tulimfukua. Na kwetu hakubakiza hata hiyo miba.

Jiwe la Ziwani:
Nimesikitika pamoja nawe, Mama Brayani, ila naomba kuuliza kwa heshima: huyo Brayani alizaliwa katika mvua ipi?

Mama Brayani:
Brayani alipewa jina na baba yake kabla mimi sijazinduka kutoka chumba cha upasuaji, na hilo si suala la leo. Suala la leo ni kwamba kadi iligeuzwa.

Shija wa Nyegezi:
Mnalalamikia kadi! Mimi nilizaliwa nikiwafuata mapacha, nikaitwa Shija kama desturi inavyotaka, na leo nina miaka 41, lakini kila Msukuma ninayemkuta dirishani, iwe ni benki au ofisi ya maji, huniuliza kwanza kama Kulwa na Doto hawajambo, ndipo aulize shida yangu. Mwezi uliopita nilinyimwa mkopo nikapewa salamu niwapelekee.

Baba wa Kabula Mwingine:
Afadhali yenu. Wangu pia ni Kabula, lakini karani aliandika M badala ya K, binti akawa Mabula, jina la kiume, na siku ya kwanza ya darasa la kwanza akasomwa kwenye orodha ya wavulana. Aliitika, akaenda kusimama huko, na sasa hataki kurudi kwa kuwa ndiko kwenye mpira.

Dagaa wa Igombe:
Hilo la herufi ndilo lililompata mdogo wangu. Ulirekebisha kwa kiapo cha wakili, au ulilazimika kufika mahakamani?

Mama Brayani:
Jamani, aliigeuza kadi.

Baba wa Kabula Mwingine:
Nilianzia kwa wakili, na hati ya kiapo ninayo mkononi, imepigwa muhuri vizuri. Humo ameandikwa Kapula.

Shija wa Nyegezi:
Ofisi ya huyo wakili iko upande gani, ili nisipite huko?