Vijana wa shambani wanaugua figo bila kisukari wala presha: tuanzie wapi kuchunguza?

Mleta uzi

Ndugu wanajamvi, naomba ushauri wenu. Mdogo wangu ni kibarua wa kukata miwa na kunyunyizia dawa mashambani. Hana kisukari, na presha yake haijawahi kuwa juu. Alikwenda kutibiwa maumivu ya mgongo, daktari akaagiza vipimo vya damu, kreatinini (taka ya mwili ambayo figo huichuja kutoka katika damu) ikakutwa juu na kiwango cha uchujaji wa figo kikawa chini ya 60. Kipimo kiliporudiwa baada ya miezi mitatu hali ilikuwa ileile, kwa hiyo tumeambiwa ni ugonjwa sugu wa figo ambao chanzo chake hakijulikani. Kinachonitia hofu zaidi ni kwamba wapo wanaume wengine wa rika lake, wote wa kazi za shambani, ambao sasa wanasafishwa damu, na baadhi yao tumekwisha kuwazika.

Wengine wanalaumu maji ya kisima, wengine dawa za magugu. Bomba lake la mgongoni huvuja pale mpira unapoungana na tangi, hata shati hulowa hadi kiunoni, na maji ya kunywa huyabeba katika dumu lililokuwa na dawa, ati kwa kuwa limesuuzwa. Je, tupime maji, aache dawa, au tumhamishe kabisa? Nasi tunaochota kisima hicho tupimwe nini?

Muuguzi wa vijijini

Pole sana, ndugu. Hali mnayoipitia inafanana na iliyoripotiwa kwingine. Mwaka 2002 madaktari wa El Salvador walieleza kuhusu wagonjwa wa figo, wengi wao wanaume wakulima, ambao hawakuwa na kisukari wala shinikizo la damu. Ugonjwa wa namna hiyo umeonekana kwa wakata miwa wa Nikaragua, kwa wakulima wa mpunga wa Sri Lanka tangu miaka ya 1990, na katika eneo la Uddanam nchini India.

Kuhusu vipimo, msitegemee kijiti kinachochovywa katika mkojo kupima protini peke yake. Ugonjwa huu hushambulia zaidi mirija midogo ya figo na nyama inayoizunguka, kwa hiyo protini katika mkojo huweza kuwa kidogo au isionekane kabisa huku figo zikiendelea kuharibika. Ombeni kipimo cha kreatinini katika damu, mkianza na wanaofanya kazi juani, na kifanyike asubuhi baada ya kupumzika na kunywa maji, kwa sababu kazi nzito ya jua kali huweza kuipandisha kwa muda. Atakayekutwa nayo juu arudie baada ya miezi mitatu, au mapema zaidi daktari akiona hivyo. Swali langu moja: mdogo wako hutumia dawa gani za maumivu?

Fundi wa maabara ya maji

Pimeni kisima, lakini tajeni mnachotafuta: madini yenye sumu ya arseniki, kadimiamu na risasi, pamoja na floraidi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni mikrogramu 10 za arseniki kwa lita, 3 za kadimiamu, 10 za risasi, na miligramu 1.5 za floraidi. Kuchemsha hakuondoi vitu hivi. Maji yakipungua kwa mvuke, vyenyewe hubaki. Chukueni sampuli kwa chupa mtakayopewa na maabara, si kwa chombo chochote cha shambani.

Hata hivyo nawasihi msifunge shauri mapema. Katika Toyama, Japani, mgodi ulimwaga kadimiamu katika Mto Jinzu, ikaingia katika mashamba ya mpunga, ikaharibu figo na mifupa ya watu, na serikali ikakiri chanzo hicho mwaka 1968. Hapo maji yalikuwa na hatia kweli. Lakini katika vijiji vya Balkani, kando ya mito inayoingia Danube, watu walichunguza visima kwa miongo mingi kabla ya kubainika kuwa sumu ilitoka katika mbegu za gugu la Aristolochia zilizovunwa na kusagwa pamoja na ngano. Sri Lanka ilipiga marufuku glaifoseti, dawa ya magugu iliyoshukiwa kuharibu figo, mwaka 2015, ikalegeza katazo hilo mwaka 2018, na mjadala bado unaendelea. Majibu mazuri ya kisima, kwa hiyo, hayataisafisha dawa wala jua.

Mkulima mzoefu

Dumu hilo litobolewe leo, lisiingie tena nyumbani. Plastiki hufyonza dawa, na kusuuza hakuifanyi ifae kwa maji ya kunywa. Bomba linalovuja lisibebwe mgongoni mpaka libadilishwe mpira, na shati likilowa dawa livuliwe papo hapo, ngozi ioshwe kwa sabuni. Kumhamisha kunaweza kusubiri. Kupunguza jua hakuwezi. Katika mashamba ya miwa ya Amerika ya Kati wameanza kuwapa wakataji maji, kivuli na mapumziko ya lazima, kwa kuwa joto na upungufu wa maji mwilini ni miongoni mwa visababishi vinavyoshukiwa zaidi. Mwombeeni kazi ya kivulini, mkiwa na cheti cha daktari mkononi.

Mleta uzi

Asanteni sana. Muuguzi, nimemuuliza: hunywa diklofenaki karibu kila jioni baada ya kukata miwa, na akizidiwa huongeza mizizi anayopewa na jirani.

Muuguzi wa vijijini

Aache vyote viwili tangu leo, na amweleze daktari wake bila kuficha. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo, na mwili uliokaukiwa maji huumia zaidi. Maumivu yakimsumbua, parasetamoli kwa kipimo atakachopangiwa ndiyo salama zaidi kwake. Jirani aulizwe ni mmea gani, maana jamii ya Aristolochia hutumika kama dawa katika nchi nyingi nayo huua figo polepole. Kiasi cha maji ya kunywa kwa siku apangiwe na daktari pia, kwa kuwa figo zikishadhoofika sana hata maji mengi huweza kumdhuru.