Maji ya kalavati yanamaliza shamba langu Lushoto: nichimbe fanya juu au fanya chini?

MkulimaSoni:
Wakuu, habari za majukumu. Nina shamba la ekari moja na robo huku Lushoto, upande wa Soni. Mteremko wenyewe ni ule wa kuangusha kiazi ukaenda kukiokota kwa jirani. Miaka yote mvua tuliimudu kwa matuta aliyoyaacha marehemu baba. Mwaka juzi barabara ikachongwa, kalavati likawekwa linatazama kichwa cha shamba langu. Masika hii maji yametoka pale kama ng'ombe waliofunguliwa zizini. Korongo linanifika kiunoni, karoti zote zimekwenda. Aliye chini yangu ni baba mdogo. Maharage yake yamefukiwa na udongo wangu, siku hizi salamu anaitikia kwa shida.

Nilichimba mtaro mkubwa kuyapeleka maji kijitoni. Ukapasuka penye mparachichi, ikawa balaa zaidi. Kiangazi hiki naanza upya. Fanya juu au fanya chini?

Jembe_na_Kamba:
Mkuu, bado hujafika huko. Zote unachimba mtaro unaokingama mteremko: fanya juu udongo unautupa upande wa mlimani, fanya chini unautupa upande wa bondeni, lakini zote ni za mvua iliyonyesha shambani kwako. Wewe unapokea na mvua ya barabara. Ukiiruhusu iingie, tuta la kwanza likipasuka linabeba la pili, la pili linabeba la tatu. Yakinge kwanza kule juu kabisa kwa mtaro wa kuyapeleka kijitoni, matuta baadaye.

Huo mtaro ulipima na nini?

MkulimaSoni:
Kwa macho. Mteremko si unaonekana?

Jembe_na_Kamba:
Ugonjwa ndio huo! Mlimani jicho linadanganya. Tengeneza kipimo cha herufi A: miti miwili uifunge kileleni, miguu iachane mita 2, fito ipite katikati, kamba yenye jiwe ining'inie kutoka juu. Kisimamishe, weka alama kamba inapogusa fito. Geuza, miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili. Katikati ya hizo mbili ndipo usawa. Kisha funga kibao chenye unene wa sentimita 1 chini ya mguu unaotangulia kuelekea kijitoni. Kamba ikigusa alama ya usawa, chomeka kijiti, songa mbele. Maji yatatembea bila kukimbia. Udongo wa mtaro tupa upande wa chini, juu yake panda mabingobingo au majani ya Guatemala.

ShambaWote:
Huku Makueni, Kenya, maji ya barabara tunayang'ang'ania jameni! Tunayaingiza kwenye mitaro ya fanya juu, ndani yake tunapanda ndizi. Lakini mvua yetu ni ya kuhesabu. Huko kwenu milimani usiige.

Bibi_Njegere:
Mwanangu, hapo mtaro unapomwaga pana nyasi? Ukimwaga kwenye udongo mtupu umehamisha korongo tu. Panda nyasi kwanza, zishike, ndipo uyafungulie maji. Na nenda kwa baba yako mdogo kabla hujashika jembe. Usiende mikono mitupu.

MkulimaSoni:
Mrejesho. Jumamosi nimepima na kijana wangu. Aibu tupu: kuanzia kwenye mparachichi mtaro wangu ulikuwa UNAPANDA. Vijiti sita mfululizo. Maji yalikuwa yakifika pale yanasimama, yanajaa, yanatafuta pa kutokea. Na mimi nilikuwa nalaumu fuko.

Kwa baba mdogo nilikwenda na kilo mbili za sukari. Amekubali mtaro upite ukingoni mwa shamba lake hadi kijitoni, sharti majani akate yeye kwa ajili ya ng'ombe wake. Nyasi tunapanda vuli, mtaro tunachimba kabla ya masika. Kuhusu kalavati nimeandika barua, nimejibiwa watakuja kuangalia. Haya.

Mwenye vipando vya Guatemala karibu na Soni aniambie, nitafuata mwenyewe.