Mjadala: Filimbi za karamu za wahenga wa Malaita zipigwe majukwaani?

Mleta mada: Ndugu wachangiaji, watu wa 'Are'are, kusini mwa kisiwa cha Malaita katika Visiwa vya Solomon, walizoea kupiga filimbi za mianzi zilizofungwa kwa safu katika karamu za kuwakumbuka marehemu. Leo kundi la Narasirato linapiga muziki wa asili hiyo mbele ya hadhira za Ulaya. Je, muziki wa wahenga hubaki na heshima yake ukisikilizwa kwa tiketi?

Mwalimu wa Kwaya: Ninawaunga mkono wamisionari wa South Sea Evangelical Mission waliowakataza waumini wao muziki huo, kwani filimbi na tambiko vilikwenda pamoja. Zaidi ya hayo, nimesikiliza rekodi, na filimbi zile hazikulinganishwa sauti ipasavyo.

Mpiga Zumari: Mwalimu, hilo la mwisho limeniuma. Mafundi wa 'Are'are huigawa oktava, yaani umbali kutoka noti hadi noti ya jina lilelile iliyo juu yake, katika hatua saba zinazolingana, ilhali kinanda kina hatua kubwa na ndogo, na jambo hili lilielezwa kwa vipimo na Hugo Zemp, mtafiti aliyerekodi muziki huo. Anayesikia kasoro pale ni yule aliyelelewa na kinanda.

Mwalimu wa Kwaya: Nimefundisha uimbaji tangu ujana wangu, na si haki kuambiwa kwamba sijui kusikiliza. Vipimo haviondoi swali la nani anayeitwa kwa muziki ule.

Mpiga Zumari: Wala si kila tungo inaita mizimu. Nyingi huiga ndege, maji, kazi za watu na kilio cha binadamu.

Binti wa Lamu: Mmeshikana kwa masikio na tiketi imesahauliwa. Katika karamu zilezile wapigaji walilipwa kwa fedha za makombe ya baharini, kwa hiyo malipo hayakuanzia Ulaya. Kinachonisumbua ni Rorogwela, wimbo wa kubembeleza wa Wabaegu wa kaskazini mwa Malaita, ambamo yatima huambiwa kwamba roho za wazazi zingali zikiwatunza. Mama Afunakwa aliuimba, Zemp akaurekodi, na mwaka 1992 kundi la muziki la Ufaransa, Deep Forest, wakaitumia sauti ya mama huyo katika wimbo wao “Sweet Lullaby”, jambo ambalo Zemp mwenyewe alilipinga kwa maandishi.

Mwalimu wa Kwaya: Basi lawama ni ya kinasa sauti. Wimbo ungebaki kijijini, usingeibwa.

Mpiga Zumari: Na vijana ambao makanisa yao yaliwanyima filimbi wangejifunzia wapi? Umesifu katazo, kisha unalaumu rekodi zilizohifadhi kilichokatazwa.

Binti wa Lamu: Kurekodi ni jambo moja, kuuza ni jingine. Narasirato wanapanda jukwaani kwa hiari yao, kwa jina lao, na malipo yanapatanwa nao. Afunakwa hakuulizwa kama sauti yake iwekewe ngoma za mashine na kuuzwa duniani. Mwalimu, hebu nijibu hilo kabla hatujarudi kwenye kinanda.