Chanjo ya mafua: tuchanje sasa, tusubiri, au tuache kabisa?

BabaZuu
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo yenu maana nimekwama. Chanjo ya homa ya mafua ya msimu huu imeshatoka na nyumbani tunabishana wiki ya pili sasa. Tuko wanne: mimi miaka 38 sina shida yoyote, mama watoto ana mimba ya miezi saba, binti yetu ana miaka mitatu na chanjo hii hajawahi kuipata hata mara moja, halafu mama yangu mzazi, miaka 71, na moyo wake unasumbua. Msimu wenyewe huku niliko bado kama miezi miwili na nusu hivi. Mama watoto anataka twende wote sasa hivi yaishe. Mi naona tusubiri kwa sababu nimesikia kinga yake inapungua kadiri miezi inavyokwenda, sasa tukichanja mapema si itaisha wakati mafua ndo yamechachamaa? Mama yeye hataki kabisa, anasema mwaka juzi alichanjwa na siku ya tatu akalala kitandani na homa. Nyie mngefanyaje?

Mtulivu88
Mi sijawahi kuchanja na sioni sababu. Mafua yanakuja yanaondoka, unakunywa maji mengi unalala. Halafu kila mwaka wanabadilisha, sasa kama ile ya mwaka jana ilikuwa nzuri kwanini wabadilishe? Na mwaka huu nimesikia ina aina tatu tu za virusi wakati zamani zilikuwa nne. Hapo si wamepunguza dawa?

Nesi_WadiYaSaba
@Mtulivu88 naomba nikujibu kwa heshima kabisa kaka yangu maana haya maswali naulizwa kila siku.

Kwanza tusichanganye. Mafua ya kawaida yanakuja taratibu, koo linawasha, pua inatiririka, kazini unaenda. Homa ya mafua, ile ya influenza, inakuangusha ndani ya saa chache, asubuhi mzima, jioni mifupa yote inauma na huwezi kushika hata kikombe. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanakadiria inaua watu kati ya 290,000 na 650,000 kila mwaka kwa matatizo ya kupumua peke yake.

Kubadilishwa kila mwaka ni kwa sababu kirusi chenyewe kinajibadilisha. Wataalamu wa WHO wanakaa mara mbili kwa mwaka, Februari kwa ajili ya nusu ya kaskazini ya dunia na Septemba kwa ajili ya kusini, wanaangalia virusi vipi vinazunguka ndo viwanda vinaanza kutengeneza, na hiyo inachukua miezi. Kwa hiyo ni kubashiri kwa ushahidi, kuna mwaka wanalenga vizuri na kuna mwaka wanalenga vibaya, hilo siwezi kukuficha. Na ile ya nne ilikuwa ni kirusi cha mafua cha aina ya B, cha ukoo unaoitwa Yamagata, hakijaonekana kikizunguka tangu Machi 2020, sasa uchanje watu dhidi ya kitu ambacho hakipo cha nini.

@BabaZuu kuhusu mama. Chanjo ya sindano haina kirusi kilicho hai, haiwezi kukupa homa ya mafua. Inaweza kukupa mkono kuuma, uchovu, kahoma kadogo siku moja au mbili. Lkn kinga inachukua kama wiki mbili kujengeka, kwa hiyo mtu akiambukizwa siku ile ile, au alishaambukizwa jana yake, ataugua tu na ataona sindano ndo imemletea ugonjwa. Pia kuna virusi vingine kibao ambavyo hii chanjo haivigusi kabisa. Usimwambie mama amedanganyika. Aliugua kweli, muulize tu aliugua vipi.

Mjukuu_wa_Bibi
Naomba niseme kuhusu kusubiri kwa sababu sisi tulisubiri.

Bibi alikuwa na miaka 76. Kila wiki tunasema wiki ijayo, mara gari halipo, mara mvua, mara mtu wa kumsindikiza kapata dharura. Tulipompeleka msimu ulishapamba moto, mtaani watu wanakohoa kila kona. Akachanjwa, siku ya tano akashikwa. Kwa muda wa usiku tisa bibi hakuweza kulala chali, alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda mikono kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka kila akivuta pumzi, na mimi nimekaa nyuma yake na mito miwili ili akisinzia asianguke. Mpaka leo nikisikia mtu anavuta pumzi vile nashtuka. Alipona, namshukuru Mungu, lkn hajawahi tena kufika getini bila kushikwa mkono. Kwa hiyo "tusubiri" iwe na tarehe, andikeni ukutani. Isiwe tusubiri ya hewani.

Mfamasia_Kijana
Pole sana @Mjukuu_wa_Bibi.

BabaZuu, nadhani mnabishana kwa sababu mnatafuta tarehe moja ya nyumba nzima, na watu wenyewe hawafanani. Wewe na mama watoto wote mna haki, kila mmoja kwa mtu wake.

Mtoto apelekwe sasa, msingoje. Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 8 ambaye hajawahi kuchanjwa anahitaji dozi mbili zinazopishana wiki nne au zaidi, halafu ongeza wiki mbili za kinga kujengeka, hapo mwezi na nusu umeshakwenda.

Mama watoto naye sasa. Kichanga chini ya miezi 6 hakiruhusiwi kupewa chanjo hii, kinga yake ni ile atakayopewa na mama yake akiwa tumboni, na miezi saba ndo wakati wake hasa. Angekuwa mimba changa ningesema angoje kidogo msimu usogee.

Sasa mama mzee, hapo hoja yako ya kinga kupungua ndo ina nguvu, kwa wazee inashuka haraka zaidi. Yeye unaweza kumvuta mpaka ibaki kama mwezi msimu uanze. Na uliza kama wana ile ya dozi kubwa ya wazee wa 65 kwenda juu, ina mikrogramu 60 kwa kila aina ya kirusi wakati ya kawaida ni 15. Au ile yenye kiongeza kinga. Kama hazipo asirudi nyumbani mikono mitupu, achanjwe hiyo iliyopo.

Nesi_WadiYaSaba
Naongezea hapo kwa mama: kama unamjua kwamba leo kakubali na mwezi ujao atakataa, mchanje leo leo. Kinga iliyopungua ina faida kuliko sifuri.

Mtulivu88
Sawa nimeelewa hiyo ya aina nne. Lakini nimesoma inazuia asilimia 40 mpaka 60 tu, tena mwaka ikilenga vizuri. Mtu mzima kama mimi nusu kwa nusu inanisaidia nini?

Mfamasia_Kijana
Hizo namba ni za kupunguza uwezekano wa kuugua mpaka ukaenda hospitali kuonwa. Hata wanaougua baada ya kuchanjwa mara nyingi hawafiki kulazwa. Kwako wewe peke yako, mzima, unaishi mwenyewe, faida ni ndogo kuliko ya bibi wa watu, nakubali. Ila kumbuka unaanza kuambukiza siku moja kabla hujajisikia chochote. Siku hiyo utakuwa umekaa na nani?

Msafiri_Daima
Kwa wanaosafiri, kusini mwa dunia msimu wao ni katikati ya mwaka, na maeneo ya joto ya ikweta unaweza kukuta mafua mwaka mzima. Angalia kalenda ya unakoenda pia.

MamaPacha
Samahani, ile ya kupuliza puani vipi kwa huyo mtoto? Wangu wanaogopa sindano mno.

Nesi_WadiYaSaba
Dada, hiyo ni kuanzia miaka 2 hadi 49. Ila hiyo ina kirusi hai kilichodhoofishwa, kwa hiyo mjamzito haifai, na mtoto mdogo mwenye pumu au ambaye kifua kinapiga mluzi akipumua haifai, mwambie daktari kwanza.

BabaZuu
Jamani asanteni sana. Nimemsomea mama watoto yote haya, kesho asubuhi anaenda na binti, na tarehe ya dozi ya pili nimeshaiandika kwenye kalenda ya jikoni. Mama nimemuuliza vizuri aliugua vipi ile mwaka juzi, kumbe alishaanza kukohoa tangu usiku wa kuamkia siku ya sindano na hakumwambia mtu. Tumekubaliana wiki sita kutoka leo, Jumamosi, na mimi nachanjwa naye siku hiyo hiyo. Kasema nitangulie mimi yeye akiangalia.