Naomba ushauri: kaka anaona damu chooni na hataki kupima

Habari zenu wakuu. Tuko Moshi. Baba alifariki kwa saratani ya utumbo mpana. Kaka yangu, miaka 42, kutwa amekaa dukani, jioni ni mbuzi choma na mbege. Mnafu ukiwekwa mezani anausogeza pembeni. Nimemweleza kuwa nyama nyekundu nyingi na pombe huongeza hatari, na soseji Shirika la Afya Duniani liliziweka kundi la visababishi vya saratani tangu 2015. Anajibu, "Mbona babu alikula nyama mpaka uzeeni?"

Sasa anaona damu chooni, anasema ni bawasiri. Mimi silali. Waliopimwa utumbo kwa kamera, hospitali ya KCMC au kwingine, maandalizi yakoje na gharama ni kiasi gani? Na mtu mbishi hivi mnamshawishije?