Tupeane uzoefu: hadithi pendwa ikipandishwa jukwaani kwa nyimbo, watazamaji hufanya nini?

Mwanzisha mada

Wakuu, huu uzi ni wa wanaoshika kazi yenyewe: waongozaji, mafundi, wapiga muziki, wafasiri. Hadithi ambayo kila nyumba inaijua imegeuzwa mchezo wa muziki, na ukumbini yupo bibi, yupo baba, yupo mtoto wa miaka 6. Wanacheka wapi, wananyamaza wapi, wanakohoa wapi, na kwa nini? Habari za "watu walifurahi sana" tuziache. Taja mahali, sababu na dawa.

Naanza na dakika 10 za kwanza. Mtazamaji wa hadithi anayoipenda haji kujua nini kitatokea, anakuja kukagua. Hukagua vitu vitatu: sura ya mhusika mkuu, sauti au maneno ya kwanza anayoyakumbuka, na lile jambo ambalo anaona haliwezekani jukwaani, kama mnyama anayeongea au mtu anayeruka. Hilo la tatu ndilo linaloamua. Lisipojibiwa mapema, mtu anakaa robo saa akisubiri kukamata ujanja badala ya kufuata hadithi.

Tazameni The Lion King ya jukwaani, hadithi ya simba iliyotokana na filamu, iliyofunguliwa Broadway (kumbi kubwa za maigizo za New York) mwaka 1997 chini ya mwongozaji Julie Taymor. Wanyama wanapita katikati ya viti vya watu tangu wimbo wa kwanza, na uso wa mwigizaji unaonekana chini ya kinyago. Hakuna kinachofichwa. Mtazamaji anaona mtu, anaona mnyama, anakubali vyote viwili, mchezo unaendelea.

Kinachoharibu ni kuficha nusu. Mchezesha vikaragosi kavaa nyeusi, lakini taa ya pembeni inamgusa mikono: macho ya ukumbi mzima yanahamia kwenye mikono. Ama mwonyeshe wazi na mpe maleba yake, ama mzimie taa kabisa. Mtoto akiuliza kwa sauti "Yule mtu anafanya nini nyuma ya ndege?" katika dakika 5 za mwanzo, ni kawaida. Akiuliza dakika ya 20, kosa ni letu.

Mchangiaji wa 2, meneja wa jukwaa

Mkuu, kabla ya dawa kuwe na kumbukumbu. Chukua nakala ya mchezo iliyochapwa upande mmoja, penseli na saa ya kuhesabu sekunde. Weka alama pembeni ya mstari husika: C kicheko, M makofi na idadi ya sekunde, K kikohozi, N minong'ono, U ukimya mzito, S mtu kusimama na kutoka. Kaa nyuma, pembeni kidogo, mahali unapoona visogo vya watu na miguu ya watoto. Miguu haidanganyi: mtoto aliyezama kwenye mchezo hatikisi miguu.

Kikohozi kimoja ni vumbi. Kikohozi kwenye mstari uleule maonyesho matatu mfululizo maana yake onyesho hilo limezidi urefu, na mara nyingi mzizi uko mistari 10 kabla ya pale watu walipoanza kukohoa. Kata huko juu.

Usiku wa kwanza usiuhesabu. Ndugu na marafiki wa waigizaji hucheka hata mlango ukifunguka. Na msilinganishe onyesho la mchana lenye watoto wengi na la usiku: mchana watu hucheka mtu akianguka, usiku hucheka neno. Utani mmoja unaweza kufa mchana na kufufuka usiku bila mtu kubadilisha chochote.

Mchangiaji wa 3, kiongozi wa bendi

Mimi nataka tukae kwenye makofi, maana hapo ndipo lawama hutupwa kwa watazamaji bure. "Leo ukumbi umepoa." Hapana. Wimbo haukuwaambia kwamba umekwisha.

Mwisho wa wimbo wa kuchangamka unahitaji mambo manne kwa pigo moja: bendi ikate noti ya mwisho kavu, waigizaji wagande, taa ibadilike, na baada yake iwepo nafasi tupu. Taa ikichelewa hata sekunde moja, utasikia makofi ya watu wachache upande mmoja, kisha aibu, kisha kimya. Bendi ikiunganisha moja kwa moja na muziki wa chini wa onyesho linalofuata, watu wanaogopa kupiga makofi juu ya muziki. Mwigizaji akishusha mikono mapema, ameyaua makofi kwa mikono yake mwenyewe. Kufundisha hili ni dakika 15 za mazoezi kwa kila wimbo: noti ya mwisho tu, mara 6, fundi taa akiwepo. Bila fundi taa mnapoteza muda.

Kisha kuna kuingia tena. Mstari unaofuata usisubiri makofi yaishe kabisa. Ukimya ukishatanda, mwigizaji anaanza upya kutoka chini. Aingie makofi yakianza kushuka, sauti juu kidogo, na neno la kwanza liwe lisilo na uzito, ili likimezwa lisipotee na hadithi.

Wimbo wa huzuni ni kinyume chake. Pale taa ishuke taratibu, sekunde 6 hadi 8, bendi iishie kwa noti inayofifia. Watu wasipopiga makofi, ni sawa. Ukisikia mtu anapenga kamasi ujue kazi imefika.

Na mkiomba watu wafanye jambo, wekeni akiba. Peter Pan, mchezo wa mvulana asiyetaka kukua, ilipoonyeshwa mara ya kwanza London mwaka 1904, kulikuwa na pale ambapo ukumbi unaombwa kupiga makofi ili kumwokoa Tinker Bell, kichimbakazi rafiki yake. Mwandishi wake, J. M. Barrie, alikuwa amewapanga wapiga muziki waanze wao kama watu wangenyamaza. Haikuhitajika, lakini alijipanga. Siku hizi watu wanamtuma mwigizaji aulize "Mko tayari?" halafu hana la kufanya ukumbi ukimtazama tu.

Mchangiaji wa 4, fundi sauti

Naongeza la upande wangu. Ukiona alama nyingi za N kwenye karatasi ya mchangiaji wa 2, kabla ya kumlaumu mwandishi sikiliza kama maneno yanasikika. Mzazi aliyekosa mstari mmoja hainong'oni. Aliyekosa mitatu huanza kumtafsiria mtoto, na jirani anashindwa kusikia wa nne.

Sababu za kawaida: kofia au kinyago kinachofunika maikrofoni, sauti ikatoka kama ya mtu aliye ndani ya debe, jasho lililoingia kwenye kichwa cha maikrofoni, bendi iliyo juu wakati wa beti. Maikrofoni ndogo ikae pale nywele zinapoanza kwenye paji la uso, na kama kinyago kinashuka, ihamishiwe shavuni na ijaribiwe kinyago kikiwa kimevaliwa. Mhusika mkuu awe na mbili. Wakati wa mapumziko ibadilishwe gundi na ifutwe jasho.

Maneno yasiposikika, mkono wa kwanza usiende kupandisha waimbaji. Utapata mluzi wa spika. Shusha bendi kidogo, kama desibeli 3 (kipimo cha nguvu ya sauti), kwenye beti, iachie kwenye kiitikio. Tena, ukumbi mtupu wa mazoezi una mwangwi. Ukijaa watu, miili na nguo hunyonya sauti. Mpangilio wa mchana haufai usiku. Wimbo wa kwanza ndio nafasi ya kurekebisha, kwa hiyo usiwe wimbo wenye habari nzito ya hadithi. Mtoto akiziba masikio, ni wewe, si yeye.

Mchangiaji wa 5, mwongozaji

Wimbo ambao watu wanaujua kutoka kwenye filamu: watauimba. Hapa kuna kambi mbili na zote zina haki. Mmoja amekuja kuimba, mwenzake amelipa kumsikia mwigizaji. Ugomvi wa viti hutokea mahali ambapo waandaaji hawakusema lolote. Semeni kabla ya taa kuzimwa: nyimbo ndani ya mchezo ni za waigizaji, na mwishoni, wakati waigizaji wanainama kuwashukuru watazamaji, kutakuwa na wimbo wa wote. Kisha timizeni. Ahadi hiyo huwatuliza wengi, watoto hasa.

Mtego ni kasi. Mkiupunguza wimbo unaojulikana ili uwe "wa kisanii", ukumbi utaimba kwa kasi ya kumbukumbu na kuitangulia bendi. Ama mwendo uleule, ama mpangilio mpya kabisa tangu noti za mwanzo, ili masikio yajue si ule.

Nyimbo mpya hupokewa kwa tahadhari, na hilo si tusi. Wimbo mpya usifungue mchezo wala usikalie mahali pa wimbo unaopendwa. Uweke pale ambapo filamu au kitabu kilipita haraka, palipo na moyo wa mhusika ambao haukuwahi kuimbwa. The Lion King ilihifadhi nyimbo zote tano za filamu ya 1994, zilizoongezwa zikapata nafasi zao pembeni.

Mchangiaji wa 6, msimamizi wa ukumbi

Watoto kulia. Watu hufikiri dawa ni kumlainisha mhusika mbaya. Siyo. Mtoto anayeijua hadithi anamsubiri huyo mbaya kwa hamu. Ukimfanya mpole, unapata miguu inayotikisika. Kinacholiza ni mambo matatu yakija pamoja: giza la ghafla, kishindo, na ukaribu. Ondoa moja tu. Akipita katikati ya viti, taa za ukumbi ziwake kidogo. Kukiwa na giza, asiwe karibu. Kishindo kianze chini na kupanda kwa sekunde 2 au 3.

Maonyesho tulivu, kwa wenye usonji na wengine wanaosumbuliwa na kelele na mwanga, yana utaratibu wake: taa za ukumbi hazizimwi hadi giza kabisa, sauti inashushwa, taa za kumetameta zinaondolewa, watu wanatoka na kuingia wapendavyo, na kuna chumba cha kupumzikia. Broadway walianza mwaka 2011, na mchezo wa kwanza ulikuwa huohuo wa simba. Waigizaji waambiwe mapema: kelele za ukumbini siku hiyo si dharau, na kimya hakimaanishi wameboreka.

Mapumziko: sehemu ya kwanza isizidi dakika 75, mapumziko yawe 20. Foleni ya choo ndiyo inayoleta watu wakichelewa, na wimbo wa kufungua sehemu ya pili ndio unaoumia. Anzeni na wa kuchangamka.

Mchangiaji wa 7, mfasiri

Kwa wanaoleta nyimbo za Kiingereza kwenye Kiswahili, vicheko vya mahali pasipo pake hutokana na mkazo. Mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno machache yanayokaidi ndiyo ya hatari. Barabara ya kupita magari ina mkazo kwenye silabi ya tatu, "ba". "Barabara" yenye maana ya sawasawa ina mkazo kwenye silabi ya pili, "ra". Pigo zito la ngoma likiangukia silabi hiyo ya pili, shujaa anayeimba "nitapita barabara" ametangaza kwamba atapita vizuri sana. "Walakini" nayo ni hivyohivyo: sogeza mkazo, na neno lenye maana ya "lakini" linageuka kuwa la maana ya kasoro. Ukumbi unacheka, mwimbaji hajui kwa nini.

Utaratibu: soma mstari kwa mazungumzo, piga meza kwenye kila mkazo, kisha imba ukipiga meza palepale. Mapigo yakikosana na muziki, geuza mpangilio wa maneno kabla ya kukata maana. Neno la silabi moja la Kiingereza huzaa tatu au nne kwetu, kwa hiyo chagua jambo moja kwa kila mstari. Faida tunayo: maneno yetu huishia kwa irabu, noti ndefu inakaa. Ila noti ya juu kabisa ipe neno linaloishia na "a" au "o". Kwenye "i" na "u" koo hubana na maneno hayasikiki.

Majina ya The Lion King nayo. Rafiki, Simba, Shenzi na Pumbaa kwa mgeni ni majina tu. Kwa masikio ya Mswahili, mtu anaitwa Shenzi na hakuna anayeshtuka jukwaani! Kicheko hicho kitakuja. Mwigizaji akipe sekunde moja, asikikimbie.

Mchangiaji wa 8

Mmesahau kilichokatwa. Simama mlangoni watu wakitoka usikilize sentensi ya kwanza tu. "Mbona hawakuonyesha pale..." ikirudiwa na watu wasiojuana, mmeondoa kitu walichokuja nacho. Si lazima kurudisha onyesho zima. Rudisha kifaa chake: kofia, kiatu, barua, kionekane jukwaani sekunde 5 mikononi mwa mhusika wake. Wanaokijua watatabasamu, wasiokijua hawapotezi kitu.

Mwanzisha mada

Mchangiaji wa 8 umenikumbusha mwisho wa mchezo. Watu kusimama wote si kipimo. Wa mbele akisimama, wa nyuma anasimama ili aone. Kipimo kizuri ni wimbo wa mwisho: ni wangapi wanatafuta mikoba na simu kabla haujaisha.

Na mpangilio wa kuinama: mnyama wa kuchekesha mara nyingi hupata makofi kuliko shujaa, kwa hiyo msiwafuatanishe, shujaa atapokewa kwa baridi. Wekeni mhusika mbaya katikati yao. Aje akiwa bado na uso wake wa ubaya, azomewe kwa furaha, na atabasamu tu akishainama, ili yule mtoto wa safu ya tatu aone kwamba alikuwa mtu.