Mjadala: "Kifo cha Bikira" ya Caravaggio irudi altareni au ibaki Louvre?

Wanajamvi, mwaka 2020 Eike Schmidt, wakati huo mkurugenzi wa makumbusho ya Uffizi kule Florence, alitoa hoja kwamba picha za ibada zilizomo kwenye makumbusho ya serikali zirudi makanisani zilikotoka. Namuunga mkono, hata kwa "Kifo cha Bikira", picha iliyoko Louvre, makumbusho ya Paris, ambayo kanisa lenyewe liliikataa.

Mwanasheria Laerzio Cherubini alimwagiza mchoraji Mwitalia Caravaggio picha hiyo mwaka 1601, kwa ajili ya Santa Maria della Scala, kanisa la watawa Wakarmeli huko Roma. Ni kazi ya rangi ya mafuta, kimo chake karibu mita 3.7. Maria amelazwa, amekufa kweli: mwili umevimba, miguu iko peku. Malaika hakuna hata mmoja. Mitume wameinamisha vichwa, Maria Magdalena amejikunja analia, na mbele yake kuna beseni la shaba. Alama ya utakatifu ni duara jembamba tu la nuru kichwani. Wakarmeli wakaikataa. Baglione, mwandishi wa wasifu wa Caravaggio, aliandika kwamba sababu ni ule uvimbe na miguu wazi. Mancini, mwandishi mwingine wa wakati huo, akadai aliyechorwa ni kahaba. Mwaka 1607 mchoraji Rubens akamshauri mtawala wa Mantova ainunue, na baadaye ikaishia Louvre.

Mtasema haikuibwa, ililipiwa. Ni kweli, kisheria Louvre haidaiwi kitu. Mtasema pia Caravaggio aliua mtu mwaka 1606. Aliua. Lakini picha zake za Mtakatifu Mathayo zingali katika kanisa la San Luigi dei Francesi, Roma hiyohiyo, na Misa inasomwa.

Mimi natazama kazi iliyokusudiwa. Aliyewahi kuosha maiti ya mama yake anajua beseni lile ni la nini. Mtu huyo anahitaji kupiga magoti mbele ya picha hii, awashe mshumaa, akae atakavyo. Makumbusho humpa nafasi ya kusimama katikati ya watalii, kisha asonge mbele.

Pale Scala sasa kuna picha ya mchoraji Carlo Saraceni aliyeitwa kujaza pengo. Hata yeye toleo lake la kwanza lilikataliwa, akachora jingine lenye malaika. Mnaotaka ya Caravaggio ibaki Paris, nijibuni: kwa nini waamini wa leo wafungwe na hofu ya watawa wale juu ya Maria aliyekufa kama mama zetu wanavyokufa?